Mchezaji akitaka kuonyesha msimamo hadharani: adhabu hutoka wapi, na ajiandae vipi?

UkurasaWaMichezo

Habari za humu wakuu. Tunaandaa mwongozo mfupi kwa wachezaji wanaofikiria kutoa msimamo wao mbele ya watu: kupiga goti, kuvaa kitambaa mkononi, kuonyesha maandishi kwenye fulana, kugoma kuingia uwanjani. Maandishi mengi tuliyoyapitia yanasifu ujasiri na kuishia hapo, wakati mtu mwenye fainali keshokutwa ana maswali mengine kabisa. Ni nani hasa mwenye mamlaka ya kumwadhibu, na kwa kanuni ipi? Je, ni ishara yenyewe inayomtia matatani, au ni kile kifaa alichokishika? Na waliotangulia walikosea wapi katika maandalizi, au walipatia wapi?

Tunaomba vifungu, tarehe na viwango vya faini pale vinapojulikana. Mifano ya mchezo wowote na nchi yoyote inakaribishwa.

MzeeWaVifungu

Swali zuri. Kabla ya kufungua kitabu chochote cha sheria, mchezaji aandike kwenye karatasi majina ya wote wenye uwezo wa kumgusa: mwamuzi, mwandaaji wa mashindano, shirikisho la nchi yake, klabu inayomlipa, mdhamini, na serikali. Kila mmoja ana kanuni zake na wakati wake wa kuadhibu. Kosa linalojirudia ni mtu kumwogopa mwandaaji, ambaye mara nyingi huishia kutoa onyo, akamsahau yule atakayemmaliza kimyakimya.

Mtazameni Feyisa Lilesa. Tarehe 21 Agosti 2016, Rio, alimaliza marathoni wa pili kwa 2:09:54, nyuma ya Eliud Kipchoge aliyekimbia 2:08:44. Akiukaribia mstari alipandisha mikono juu ya kichwa na kuvikutanisha viwiko vya mikono kwa mtindo wa X, ishara ya waandamanaji wa Oromo, kisha akairudia mbele ya waandishi wa habari. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki (IOC) haikumnyang'anya medali. Aliyepaswa kuogopwa ni serikali ya Ethiopia ya wakati ule, na kwa sababu hiyo hakupanda ndege ya kurudi nyumbani. Alihamia Marekani, mkewe na watoto wakamfuata Februari 2017, na hakurejea Ethiopia hadi Oktoba 2018, baada ya uongozi kubadilika. Kwa hiyo kwa mtu wa aina yake swali la kwanza halikuwa Kanuni ya 50. Lilikuwa: pasipoti za familia ziko wapi, na viza inaisha lini?

Sasa hiyo Kanuni ya 50. Kifungu chake cha 2 katika Mkataba wa Olimpiki kinakataza maandamano na propaganda ya kisiasa, kidini au kimbari katika maeneo yote ya Olimpiki. Kikisomwa peke yake kinatisha. Lakini mwongozo uliotolewa Julai 2021, kabla ya michezo ya Tokyo, uliigawanya siku ya mchezaji. Ruhusa ipo katika mahojiano, mikutano na waandishi, mikutano ya timu, mitandao ya kijamii, na uwanjani kabla shindano halijaanza. Marufuku ipo wakati wa shindano lenyewe, kwenye jukwaa la medali, katika sherehe za kufungua na kufunga, na ndani ya kijiji cha wanamichezo. Hata pale penye ruhusa kuna masharti: ujumbe usilenge mtu, nchi au taasisi fulani, usivuruge maandalizi ya wengine, na usiwe umekatazwa na kamati ya nchi yako au shirikisho la mchezo wako. Sharti hilo la mwisho ndilo linalopitwa haraka. IOC inaweza kukuruhusu na kamati ya nchi yako ikakukatalia.

Timu za wanawake za soka ziliutumia mwanya huo Tokyo: Uingereza na Chile zilipiga goti kabla ya kipenga cha kwanza, ndani ya ruhusa, na hakuna aliyeguswa. Raven Saunders alipata fedha ya kutupa tufe na kupishanisha mikono kwa X jukwaani baada ya kupewa medali. IOC ilianza kufuatilia, ikasimamisha ufuatiliaji alipofiwa na mama yake siku mbili baadaye. Kamati ya Marekani ilishasema hakuvunja kanuni zake. Luciana Alvarado wa Costa Rica alifanya kwa ustadi zaidi: goti na ngumi aliviingiza katika mkao wa mwisho wa onyesho lake la jimnastiki, vikawa sehemu ya mchezo wenyewe.

Linganisheni na Manizha Talash, Paris, Agosti 2024. Aliingia kwenye shindano la dansi ya breki (breaking) akiwa na kitambaa kama mabawa chenye maneno ya kudai uhuru wa wanawake wa Afghanistan. Shirikisho la mchezo wake lilimwondoa kwa kosa la kuonyesha kaulimbiu ya kisiasa kwenye mavazi. Mwili hauna maandishi, kitambaa kinayo. Pia alikifunua katikati ya shindano. Hata hivyo si kila karatasi huadhibiwa: Vladyslav Heraskevych wa Ukraine aliinua karatasi ya kupinga vita nchini mwake mbele ya kamera huko Beijing, Februari 2022, baada ya kumaliza kuteleza, na IOC ikauita wito wa jumla wa amani. Wakati, mahali na maneno vilimsaidia kwa pamoja.

Na msipokee chochote kutoka kwa mashabiki. London 2012, Park Jong-woo wa Korea Kusini alikabidhiwa bango kutoka jukwaani baada ya kushinda shaba ya soka, bango la madai ya visiwa vinavyogombaniwa na Japani. Alizuiwa kuhudhuria utoaji wa medali, akaipata baadaye, na FIFA ikamfungia mechi 2 na faini ya faranga 3,500 za Uswisi. Bango hakuliandika yeye. Hilo halikumsaidia.

Kipenga

Naongezea upande wa soka, maana hapa watu huchanganya sheria mbili.

Sheria ya 4 inahusu vifaa. Jezi, fulana ya ndani, soksi, kitambaa: visiwe na kaulimbiu, kauli au picha ya kisiasa, kidini au ya kibinafsi. Angalieni neno "ya kibinafsi". Hata salamu za kumtakia mgonjwa afya njema zimo humo. Ila Sheria ya 4 haimwagizi refa atoe kadi kwa ajili ya maandishi. Adhabu huja baadaye, kutoka kwa mwandaaji au shirikisho, na inaweza kumwangukia mchezaji, timu, au vyote viwili.

Sheria ya 12 ndiyo yenye kadi. Ukivua jezi au kujifunika nayo kichwa ukisherehekea goli, ni njano, hata kama ndani hukuandika kitu, na hata goli likikataliwa. Mohamed Aboutrika, Kombe la Mataifa ya Afrika, Januari 2008 dhidi ya Sudan, aliinua jezi kuonyesha fulana ya kuwaonea huruma watu wa Gaza. Akapata njano palepale, na CAF ikaishia kumwonya. Frédéric Kanouté alionyesha fulana yenye jina la Palestina Januari 2009 akiwa Sevilla: njano, na faini ya euro 3,000. Robbie Fowler aliwaunga mkono wafanyakazi wa bandari ya Liverpool Machi 1997, UEFA ikamtoza faranga 2,000 za Uswisi. Hizi ni fedha ambazo mchezaji wa kiwango hicho anaweza kuzilipa. Kwa hiyo kama mtu ameamua kutumia fulana, ahesabu njano kuwa sehemu ya gharama. Akiwa tayari ana njano moja mkononi, asiguse jezi. Nyekundu itawaadhibu wenzake ambao hawakuulizwa.

Jambo dogo la mikono: maandishi yawekwe kwa rangi ya kitambaa iliyopigwa pasi, si kwa kalamu ya wino. Kufikia dakika ya 60 jasho limeshasambaza herufi na kamera haisomi kitu. Maneno matatu au manne, herufi kubwa, rangi nyeusi juu ya nyeupe. Mtu ana sekunde chache tu kabla ya kuzingirwa na wenzake.

Somo kubwa kuliko yote katika soka la karibuni, kwa maoni yangu, ni kile kitambaa cha unahodha cha OneLove, cha kupinga ubaguzi, kwenye Kombe la Dunia la Qatar 2022. Mashirikisho saba ya Ulaya yalikubaliana manahodha wao wakivae. Kanuni za vifaa za mashindano zilimtaka nahodha avae kitambaa kilichotolewa na FIFA. Mashirikisho yalijua hilo na yalikuwa tayari kulipa faini. Tarehe 21 Novemba, siku ambayo Uingereza na Uholanzi zilikuwa zinacheza, ikawa wazi kuwa adhabu ni ya uwanjani: kadi ya njano. Wote saba wakaacha. Ujerumani siku mbili baadaye walifunika midomo kwa viganja kwenye picha ya timu, kabla ya mchezo na Japani. Hiyo haikuwa kwenye orodha ya vifaa, na hakuna kadi iliyotoka.

Mpango wao ulijengwa juu ya aina moja ya adhabu. Mwenye mamlaka alipobadilisha aina, faini ya fedha ikawa kadi ya uwanjani, hawakuwa na mpango wa pili. Kikundi chochote kinachokaa kupanga kijiulize tangu mwanzo: wakitutoza fedha tutafanya nini? Wakitupa kadi? Wakitutoa mashindanoni? Na jibu lipatikane wiki kadhaa kabla, wachezaji wenyewe wakiwa kikaoni. Asubuhi ya mechi nahodha hana muda wa kuyapima hayo kwa niaba ya watu 26.

MkatabaKwanza

Yaliyosemwa juu ni kweli, lakini mimi ningeanza na karatasi nyingine: mkataba wa kazi. Faini ya mwandaaji ina kikomo. Mwajiri anaweza kukuachisha kazi.

Soma kitenzi. Kwenye kanuni, kati ya "anapaswa" na "ni lazima" kuna umbali mkubwa. Colin Kaepernick alipoketi na baadaye kupiga goti wakati wa wimbo wa taifa mwaka 2016, mwongozo wa uendeshaji wa mechi wa NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, ulisema wachezaji ni lazima wawepo kando ya uwanja, lakini kuhusu kusimama ulisema wanapaswa. Ligi haikuwa na kifungu cha kumwadhibu, na haikumwadhibu. Miaka 20 nyuma yake, NBA ilikuwa na kanuni inayomtaka mchezaji asimame. Mahmoud Abdul-Rauf alipokataa, alisimamishwa Machi 1996 na mechi moja ikamgharimu dola 31,707. Walipatana kwamba atasimama, lakini macho yafumbwe na kichwa kiinamishwe kwa dua.

Na bado Kaepernick ndiye aliyepoteza zaidi, bila kifungu hata kimoja kutumika. Machi 2017 alijitoa kwenye mkataba wake na San Francisco, na hakuna timu nyingine iliyomsajili tena. Hapo ndipo sheria inapokuwa ngumu: kutosajiliwa si kosa. Ili ushinde lazima uthibitishe njama, kwamba klabu zaidi ya moja, au klabu na ligi, zilikubaliana kukuacha. Kila klabu ikijiamulia yenyewe kukuogopa, huna kesi. Alifungua malalamiko Oktoba 2017. Msuluhishi alikataa kuyatupa Agosti 2018, na Februari 2019 wakamalizana kwa makubaliano ya siri. Mchezaji asijitoe kwenye mkataba wenye fedha zilizohakikishwa akiwa katikati ya mgogoro. Wanasheria wanaweza kubishana kuhusu Kaepernick, kwa sababu klabu ilikuwa na nafasi ya kumwacha hata hivyo, lakini kama kanuni ya jumla: baki ndani, waache wao wachukue hatua ya kwanza. Mwajiri akivunja mkataba, ni juu yake kueleza sababu.

Ushahidi wa hilo ni Anwar El Ghazi. Oktoba 2023 aliandika mtandaoni kuhusu Gaza, klabu yake ya soka ya Mainz, Ujerumani, ikamsimamisha, ikamrudisha mwishoni mwa mwezi ikidai amejutia, naye akajitokeza kusema hajutii wala hajarudi nyuma. Klabu ikavunja mkataba. Hakuondoka kwa hiari wala hakusaini fidia ya haraka. Alikwenda mahakama ya kazi, na Julai 2024 mahakama ya Mainz ikasema kuachishwa kwake ni batili na malimbikizo ya mshahara alipwe. Kiasi kilichotajwa kilikuwa takriban euro milioni 1.7, naye akatangaza kutoa 500,000 kwa ajili ya watoto wa Gaza. Mahakama ya kazi ya kawaida ilimfaa kuliko chombo chochote cha michezo.

Kipengele cha pili cha kutazama ni kile cha maadili na "sifa ya klabu", kilichomo pia kwenye mikataba ya wadhamini. Kikiandikwa kwa upana, kwamba mdhamini anaweza kuondoka kwa jambo lolote litakaloathiri jina lake kwa maoni yake, huna kinga. Omba kabla ya kusaini maneno "kwa maoni yake" yafutwe, na tendo litajwe: hukumu ya jinai, dawa za kuongeza nguvu, kupanga matokeo. Baada ya kusaini umechelewa.

Kingine ni usawa wa adhabu. Muhammad Ali alikataa kuapishwa jeshini Houston tarehe 28 Aprili 1967, na kamisheni ya ngumi ya New York ikamsimamisha siku hiyohiyo, kabla hata ya hukumu ya Juni ya miaka 5 na faini ya dola 10,000. Mawakili wake baadaye walichimba kumbukumbu za kamisheni na kukuta imetoa leseni zaidi ya mara 200 kwa watu waliowahi kutiwa hatiani, wakiwemo wa makosa mazito ya jinai. Jaji wa shirikisho mwaka 1970 akaamuru apewe leseni kwa sababu alitendewa tofauti na wengine. Na Mahakama ya Juu ilipomfutia hatia tarehe 28 Juni 1971, kwa kura 8 kwa 0, haikusema vita ni haramu. Ilisema bodi ya rufaa ya uandikishaji jeshini ilimkatalia bila kutaja sababu, na kati ya sababu tatu zinazowezekana, serikali yenyewe ilikuwa imeshakubali kwamba mbili hazina msingi. Alishinda kwenye utaratibu. Kwa hiyo kila barua ya adhabu itunzwe, na kila barua isiyo na sababu iombewe sababu kwa maandishi.

RekodiSahihi

Naomba mwongozo wenu usirudie makosa yanayozunguka kuhusu Mexico City 1968, maana mchezaji akijenga hesabu zake juu ya habari isiyo sahihi ataumia.

Tommie Smith na John Carlos, wakimbiaji weusi wa Marekani walioinua ngumi jukwaani wakati wa wimbo wa taifa baada ya mita 200, hawakunyang'anywa medali. Walisimamishwa kwenye timu na kuondolewa kijijini. Kamati ya Marekani mwanzoni iliona karipio na kuomba radhi vinatosha, lakini IOC chini ya Avery Brundage ikatishia kuigusa timu nzima ya riadha. Shinikizo lilipita kwa wenzao ili liwafikie wao. Mbinu hiyo bado inatumika, na ndiyo sababu Kipenga yuko sahihi kusema wenzako waulizwe.

Pili, angalieni jinsi kila kitu kilivyokuwa na maana iliyopangwa: soksi nyeusi bila viatu kwa ajili ya umaskini wa weusi, skafu ya Smith, shanga na jaketi lililofunguliwa la Carlos, beji ya mradi wao wa haki za binadamu. Kilichoharibika ni glovu. Carlos aliziacha kijijini. Peter Norman, Mwaustralia aliyekuwa wa pili kwa 20.06, ndiye aliyeshauri wagawane jozi moja, ndiyo maana Smith ameinua mkono wa kulia na Carlos wa kushoto. Beji aliyovaa Norman ilitoka kwa Paul Hoffman, nahodha wa mashua ya kupiga makasia ya Marekani, ambaye kwa kuitoa tu aliitwa mbele ya kamati ya nchi yake na kuhojiwa kama mshiriki wa njama. Anayekuazima kifaa naye anaingia kwenye faili. Mwambieni kabla.

Kuhusu Norman, husemwa kwamba alifungiwa maisha. Hakufungiwa rasmi. Alikimbia muda wa kufuzu kwa ajili ya Munich 1972, akawa wa tatu kwenye mchujo wa taifa, na hakupelekwa. Kamati ya Olimpiki ya Australia hadi leo inakanusha kwamba ilikuwa adhabu. Bunge la Australia mwaka 2012, miaka 6 baada ya kifo chake, lilimwomba radhi kwa jinsi alivyotendewa aliporudi. Huu ndio ugumu wa adhabu isiyoandikwa: hakuna barua ya kukatia rufaa. Mchezaji wa leo ajikinge kwa kuomba vigezo vya uteuzi kwa maandishi kabla ya mchujo, vikiwa na muda, nafasi na tarehe. Vigezo vikiwa wazi na akavifikia, ana kitu cha kushika.

Munich kwenyewe, Vincent Matthews na Wayne Collett walisimama kizembe na kuzungumza wakati wa wimbo wa taifa baada ya mita 400. IOC ikawafungia Olimpiki zote za baadaye. Na kwa kuwa mkimbiaji mwingine aliumia, Marekani haikuwa na watu wa kutosha kwa mbio za kupokezana vijiti za 4 kwa 400, ikajiondoa. Kenya ndiyo iliyotwaa dhahabu hiyo.

UkurasaWaMichezo

Asanteni sana, haya ndiyo tuliyoyataka. Bado mawili. Je, taarifa ya maandishi ni lazima, au ishara inatosha? Na kugoma kwa pamoja kuna hatari zaidi au pungufu kuliko mtu mmoja?

RekodiSahihi

Kwa taarifa, mfano bora ninaoujua ni wa Andy Flower na Henry Olonga, Harare, tarehe 10 Februari 2003, Kombe la Dunia la kriketi, Zimbabwe dhidi ya Namibia. Walianza na wazo la kugomea mechi, wakaliacha. Wakamfuata David Coltart, mwanasheria na mbunge, akawasaidia kuandaa tamko. Walichagua wawe wawili tu, mweupe mmoja na mweusi mmoja, ili serikali isipate nafasi ya kuligeuza suala la rangi. Timu nzima haikuambiwa mapema: asiyejua hawezi kuhojiwa wala kuvujisha.

Tamko liliwafikia waandishi kabla tu ya mchezo kuanza, likisema wanaomboleza kifo cha demokrasia katika nchi yao. Lingetoka jana yake wangeachwa nje ya timu. Lingetoka baada ya mechi, ule utepe mweusi ungefasiriwa na kila mtu apendavyo. Na utepe wenyewe ulikuwa wa gundi, ule wa kawaida wa kufungia nyaya, umezungushwa juu ya mkono wa jezi. Hauhitaji fundi wala oda dukani, unaingia mfukoni, na ukitolewa unafungwa mwingine kwa sekunde tano.

Gharama haikulingana. Flower alikuwa na mkataba Uingereza na klabu ya Essex, akaendelea kucheza huko. Olonga alikuwa na umri wa miaka 26 na hakuwa na kazi ya kumpokea. Alitishiwa maisha, na kilichomwokoa ni kwamba mechi za mwisho za timu zilichezwa Afrika Kusini: hakurudi, kisha akahamia Uingereza. Soka lake la kimataifa, samahani, kriketi yake ya kimataifa iliishia hapo. Watu wawili wakipanga pamoja waongee wazi juu ya nani ana pa kuangukia.

Kwa hiyo jibu: ishara bila tamko huachia wengine waseme maana yake. Tamko liwe la ukurasa mmoja, lisomwe na mwanasheria, liwekwe kwa watu wawili walio nje ya nchi, wenye saa maalumu ya kulitoa hata kama simu yako haipatikani.

MkatabaKwanza

Kugoma: kwanza tenganisheni uamuzi wa mchezaji na wa serikali. Filbert Bayi alikosa kumkabili John Walker Montreal 1976 kwa sababu nchi zaidi ya 20 za Afrika zilijitoa kupinga ziara ya raga ya New Zealand huko Afrika Kusini. Alilipa gharama, lakini kura haikuwa yake. Mwongozo wenu unahusu yule anayejiamulia.

Kwa kikundi, hatari kwa kila mmoja hupungua, ila sheria huwa kali zaidi. Makubaliano ya pamoja ya ligi nyingi yana kipengele kinachokataza mgomo muda wote wa mkataba. Wachezaji wa Milwaukee Bucks ya NBA walipokataa kutoka chumbani tarehe 26 Agosti 2020, kupinga ukatili wa polisi, kisheria walikuwa wamekivunja. Timu pinzani ikakataa ushindi wa mezani, timu nyingine zikafuata, ligi ikaziita mechi hizo zimeahirishwa na ikaahidi kutoa viwanja vitumike kwa kupigia kura. Wangekuwa timu moja peke yao hadithi ingekuwa nyingine.

Hispania, Septemba 2023, wanawake waliotwaa Kombe la Dunia waliitwa timu ya taifa wakiwa wameshatangaza kutocheza hadi uongozi wa shirikisho ubadilike. Sheria ya michezo ya nchi hiyo inafanya kukataa wito kuwa kosa: faini hadi euro 30,000 na kufungiwa kati ya miaka 2 na 15. Walifanya jambo la busara: waliitika wito, wakafika kambini, hivyo kosa halikutimia, kisha wakadai kikao wakiwa mle ndani. Mazungumzo yalikwisha alfajiri ya tarehe 20 baada ya kudumu kwa muda wa saa 7 hivi. Wachezaji 21 kati ya 23 wakabaki, wawili waliotaka kuondoka wakaruhusiwa bila adhabu, na katibu mkuu wa shirikisho akaondolewa siku hiyo.

Na faini za pamoja hulegea zikionekana ni za kibabe. Julai 2016 WNBA, ligi ya mpira wa kikapu ya wanawake ya Marekani, ilitoza timu tatu dola 5,000 kila moja na wachezaji wao dola 500 kila mmoja kwa fulana nyeusi za mazoezi zisizo sare, zilizovaliwa baada ya polisi kuua watu weusi. Wachezaji wakakataa kujibu swali lolote la waandishi kuhusu mchezo, wakazungumzia suala lao tu. Ligi ikazifuta faini ndani ya siku chache.

MzeeWaVifungu

Namalizia na muda wa rufaa, maana hapa ndipo kesi nzuri hufia. Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ya Lausanne (CAS) hupokea rufaa ndani ya siku 21 tangu uamuzi ukufikie, isipokuwa kanuni za shirikisho lako zitaje muda mwingine, na zipo zinazotaja mfupi zaidi. Siku huhesabiwa tangu kupokea, kwa hiyo tunza bahasha na barua pepe yenye saa. Maliza ngazi za ndani kwanza, la sivyo utarudishwa. Ada ya kufungua ni faranga 1,000 za Uswisi, na upo msaada wa kisheria kwa asiyejiweza: uombe mapema. Wakati wa Olimpiki CAS huweka kitengo cha dharura palepale mjini, kinachokusudia kuamua ndani ya saa 24 bila ada. Jina na simu ya wakili viwe mfukoni mwa kocha unayemwamini tangu asubuhi, kwa sababu jioni utakuwa umeshanyang'anywa kitambulisho cha kuingilia kijijini na simu yako itakuwa inalia mfululizo.